Kutoa Kuna Kazi Kuliko Kupaka

Nimeacha kazi kwa sababu ya nyusi. Magoti nayo yalikuwa yanalalamika, na uzi wa sindano siku hizi natungiwa na mjukuu, lakini kilichonitoa saluni ni nyusi. Ilifika mahali nikimchora mteja, ya kulia inaelekea Morogoro na ya kushoto inaelekea Iringa. Mteja mmoja mwenye adabu zake alijitazama kwenye kioo, akasema, "Si mbaya, Mama Stela." Nikajua basi. Nilifunga boksi langu wiki ileile.

Sasa niko Kidete, nyumbani kwetu, nalima vitunguu na kusikiliza treni ikipita. Lakini ninyi mabinti niliowaachia saluni ya Mikumi hamniachi nipumzike. Simu asubuhi: "Shikamoo Mama, kope za bandia zimegoma kutoka." Simu mchana: "Shikamoo Mama, mteja kavimba jicho." Marahaba, marahaba, na vitunguu vyangu vinangoja maji. Kwa hiyo nimeona niandike msome wenyewe, mniache nimwagilie. Kupaka sitawafundisha. Mnapaka vizuri kuliko mimi, simu zenu zimewaonyesha mambo ambayo sisi hatukuyaota. Ila nimezitazama hizo video zenu, na sijaona hata moja inayoonyesha kutoa. Zote zinaishia pale mtu amependeza, utadhani atabaki hivyo mpaka siku ya kuzikwa.

Kazi nilianzia Kilosa mjini kwa Bi Hadija, Mungu amrehemu. Saluni yake ilikuwa chumba kimoja karibu na soko, kioo kimoja, na kiti cha kuzunguka ambacho hakikuzunguka. Mimi nilikuwa msichana wa Kikaguru, nimeshuka kutoka milimani, nimezoea kanisa na jembe. Uso wangu mwenyewe ulikuwa haujawahi kuona kitu zaidi ya mafuta ya mgando. Siku ya kwanza nilivaa gauni langu la Jumapili, nikijua nitapewa brashi. Bi Hadija alinipa furushi la pamba na chupa ya mafuta ya nazi.

"Mimi nimekuja kujifunza kupaka," nikasema.

"Nimekusikia. Utaanza na kutoa."

"Mpaka lini?"

"Mpaka nichoke kukutazama."

Hakuchoka upesi. Msimu mzima wa harusi, ule wa baada ya mavuno, kazi yangu ilikuwa kupokea mabibi harusi wa jana. Walikuja wamejitanda khanga mpaka puani, wamelala na mekapu, wanja umefika shavuni na lipstiki imefika sikioni. Nilinuna, nasema kweli. Nilikuwa nawaza kwamba wenzangu wanajifunza kazi na mimi nafua watu. Baadaye sana nilielewa. Aliyetoa nyuso za watu mpaka vidole vikanuka nazi hawezi kupaka ovyo, maana anajua nani atakuja kusumbuka.

Alivyonifundisha ndivyo ninavyowaambia. Nawa mikono kwanza, maana mikono yako imeshika vichwa vya watu tangu asubuhi. Mfunge mteja nywele nyuma. Anza na macho. Mafuta kidogo kwenye pamba, yasidondoke, kisha bonyeza juu ya jicho lililofumbwa. Halafu ngoja. Hapo kwenye kungoja ndipo wengi wenu mnaposhindwa. Wanja na maskara vinataka muda vilegee, na usipovipa muda utaving'oa pamoja na kope. Ukiona pamba imeanza kuchafuka yenyewe, vuta taratibu kushuka chini. Usipeleke huku na huku kama unafuta ubao wa shule. Pamba iliyogusa jicho hili haigusi jicho lile.

Ukimaliza macho, nenda kwenye mdomo, halafu uso mzima, mafuta kwa ncha za vidole, ukizungusha polepole. Usisahau pembeni mwa pua, chini ya taya, na pale nywele zinapoanzia, maana fandesheni hujibanza humo ikisubiri kumletea mtu vipele. Kisha maji ya uvuguvugu na sabuni laini, kwa sababu mafuta yametoa mekapu lakini nayo yanataka kutolewa. Sabuni ya kufulia ni ya kufulia. Kausha kwa kugusagusa na kitambaa safi, mpake losheni uso ungali na unyevunyevu. Mteja akitoka kwako uso unamwaka moto, ujue hukumtoa mekapu, umemchuna.

Kuna jambo jingine la Bi Hadija ambalo video haziwezi kuwaonyesha. Mteja akija kupakwa, mlango ulikuwa wazi, mashoga zake wameketi, umbea unapigwa. Mteja akija kutolewa, pazia linashushwa na kila mtu nje. Siku moja shemeji ya mteja alichungulia akitafuta ufunguo, akarushiwa sponji mbichi ya usoni. "Unaingia vipi mtu anavuliwa?" Nilimwuliza Bi Hadija mbona ni uso tu. Akanijibu bila kuniangalia, "Kwa wengine uso ndiyo nguo ya ndani."

Na kuna la swala. Huko kwetu milimani ibada ilikuwa mabenchi na kengele, uso na maji havikuhusiana. Nilipoanza kuruhusiwa kushika brashi, nilimpamba mama mmoja mchana, nikarudi nyuma kuitazama kazi yangu, nikajisifu moyoni. Adhana ikalia. Yule mama akaomba kopo la maji, akatia udhu mbele yangu, kazi yote ikaenda na maji. Bi Hadija alicheka mpaka akashika ukuta. "Uliza kwanza, mwanangu! Mtu ataswali, wewe unampaka kama ukuta wa benki?" Tangu siku hiyo, kabla sijauliza mteja anataka rangi gani, nauliza atanawa saa ngapi. Anayeswali umpake baada ya adhuhuri, au umpake kidogo, vitu ambavyo mwenyewe anaweza kuvirudishia mbele ya kioo cha mkononi.

Nilipohamia Mikumi nilidhani naijua kazi. Mikumi ikanicheka. Pale ni barabara kuu, malori yanapita mchana kutwa, vumbi na joto, na wateja wangu hawakuwa mabibi harusi. Walikuwa wahudumu wa gesti, mabinti wa migahawa, wanawake wanaouza vitunguu na ndizi kando ya lami, wanaokimbilia dirisha la basi kila likisimama. Hawa hawataki kupambwa, wanataka kufika jioni uso ukiwa bado uko mahali pake. Hata tumbili wa pale walinifundisha kazi. Mmoja aliingia dirishani akala lipstiki yangu nyekundu, akakaa juu ya bati anajilamba, na tangu hapo niliacha kuanika vifaa dirishani.

Mekapu ya kila siku ni kazi ya kujizuia. Uso uwe umeoshwa, umepakwa losheni, na losheni imekauka. Anayesimama juani apake na mafuta ya kukinga jua, hata kama ni mweusi tititi, msidanganyane. Fandesheni usipake uso mzima kama haihitajiki, gusa pale penye doa, halafu pigapiga na sponji yenye unyevu mpaka usione inapoishia. Rangi usiipime kwenye kiganja wala mkononi, ipime kwenye taya, na umtoe mteja nje kwenye mwanga wa Mungu. Taa ya saluni ni mwongo mkubwa. Nimeona watu wakitoka saluni uso mweupe, shingo nyeusi, kama vichwa vimeazimwa. Jasho likija, futa kwanza kwa tishu ndipo uguse poda, maana poda juu ya jasho ni tope. Na wanja haushirikiwi, hata na dada yako wa tumbo moja. Brashi zioshwe kwa shampuu na zikauke zimelazwa, vichwa vyake vimening'inia pembeni mwa meza, maji yasiingie kwenye mpini. Maskara ikianza kunuka, itupe. Msiniambie bado ipo.

Sasa niwaambie habari ya Saida, kwa sababu mengine yote niliyoyaandika hapo juu mngeweza kuyapata kwa mtu mwingine.

Alianza kwangu kama doa kwenye foronya. Mwenye gesti moja alikuja saluni amekumbatia foronya nyeupe, akazimwaga juu ya meza yangu. Kila moja ilikuwa na uso: nyusi mbili, mdomo, shavu la kahawia. "Mama Stela," akasema, "kazi zako zote ninazo hapa. Wageni nawasamehe, wanapita. Lakini huyu," akainua moja, "huyu ni wa mapokezi kwangu mwenyewe, kila siku ya Mungu. Mfundishe kunawa."

Nikamwita. Saida alikuwa binti wa Kilangali, mrefu, mcheshi, mwenye majibu ya papo kwa papo. Tulifahamiana, maana alikuwa akinunua poda kwangu, ila hakuwahi kukubali nimpake. Aliketi kwenye kiti, nikashusha pazia, nikachukua pamba. Akanishika mkono.

"Mama, nitatoa mwenyewe nyumbani."

"Nyumbani hutoi. Nimeziona foronya."

Alicheka. Kisha kile kicheko kikageuka katikati, akawa analia. Akaomba nikifunike kioo. Nikatundika khanga juu ya kioo, nikaanza kumtoa. Chini ya ile mekapu mlikuwa na mabaka, mashavu yote mawili na paji lote la uso, meusi pembeni, mekundu katikati, na juu yake vipele vya kulala na mekapu. Sikuuliza. Nilijua kazi ya nani ile.

Hapa sitamung'unya maneno. Mkorogo, ule wa kuchubua ngozi, ni sumu, na anayeukoroga anajua. Saida alikuwa amenunua kikopo kisicho na jina mnadani, kwa mwanamke aliyemwambia kwamba mapokezi panataka sura nyeupe. Miezi ya kwanza watu walimsifu. Baadaye jua likaanza kumwunguza, mabaka yakatoka, akazidisha mkorogo ili kuyaondoa, nayo yakazidi. Wakati huo alikuwa bado akifanya kazi Kilosa, amepanga chumba huko, na mchumba wake wa kwanza alimtembelea asubuhi bila taarifa, akamkuta ananawa. Alikunywa chai, akaaga vizuri, na hakupiga simu tena. Tangu hapo Saida hakulala bila mekapu. Pale gesti alilala chumba kimoja na wenzake wawili, na hata wao hawakuwahi kuuona uso wake.

Nilimwambia aache kile kikopo siku hiyohiyo na nikamsindikiza hospitali, kwa sababu uso uliounguzwa si kazi ya saluni. Nanyi fanyeni hivyohivyo. Msichanganye, msiuze, na msijifanye madaktari. Daktari alimpa dawa na akamwambia ukweli, kwamba itachukua muda na mengine huenda yasiishe. Kwangu alikuja kila jioni kabla ya zamu yake, pazia chini, tunatoa. Vipele vilikwisha. Ule wekundu ulitulia. Mabaka yalipungua ukali lakini yalibaki, na kila tulipomaliza aliomba brashi, akarudishia tabaka lote kabla sijafungua pazia.

Halafu akaja Rajabu. Alikuwa fundi rangi kwenye gereji ya ng'ambo ya barabara, anapaka malori na mabasi yaliyogongwa, mtu wa maneno machache. Madereva walioharibikiwa na magari aliwapeleka gesti ya Saida, na baada ya muda akawa anakwenda hata kama hakuna dereva. Akapeleka posa Kilangali, ikapokewa. Saida aliniletea habari akiwa amejawa na furaha, kisha akaketi, furaha ikamtoka.

"Mama Stela, hajawahi kuniona."

"Anakuona kila siku."

"Unajua ninachosema."

Nilijua. Siku za ndoa zilipokaribia, kwa desturi alirudi kukaa ndani kwa baba yake Kilangali, haonekani kwa bwana harusi wala kwa mtu baki, kwa hiyo hata kama angetaka kumwonyesha, nafasi ilikuwa imeshapita. Siku moja kabla ya ndoa nilipanda bodaboda, boksi la vifaa mapajani, nikafika nimekuwa rangi ya barabara. Nilimkuta na shangazi yake, Bi Mwajuma, aliyekuwa akimfunda. Saida hakungoja hata ninywe maji.

"Shikamoo Mama. Nataka ile isiyotoka kwa maji."

"Marahaba. Ikae mpaka lini?"

"Mpaka anizoee."

"Na udhu je? Mtaswali wawili usiku wa kwanza, wewe na mumeo. Maji yatapitaje?"

"Nitatayamamu."

Bi Mwajuma alisimama. "Utafanya nini? Kisima kile pale, ndoo zimejaa, mzima wa afya, unataka kujipangusa vumbi kwa ajili ya poda? Subiri sheikh akusikie! Udongo umewekwa kwa mgonjwa na aliyekosa maji, wewe unataka kuufanya brashi!" Nilicheka, ingawa si dini yangu, na mwenyewe Bi Mwajuma alikuwa anajizuia kucheka. Saida hakucheka.

"Shangazi," akasema, "yule wa Kilosa aliniona mara moja tu."

Bi Mwajuma akaketi, akamshika goti. Sikumwambia kwamba uzuri uko moyoni. Nimefanya kazi ya nyuso maisha yangu yote, siwezi kusema maneno hayo mbele ya mteja anayelia. Nilimwambia nitampaka anavyotaka, na kwamba nitakaa palepale Kilangali mpaka atakapotoa, hata kama ni keshokutwa. Akasema, "Hutaondoka basi." Nikamwambia saluni yangu itangoja.

Siku ya ndoa, baada ya swala ya Ijumaa, nilimpaka. Nasema bila haya kwamba sikuwahi kupaka vile, si kabla wala baada. Paji la uso ndilo lililonichukua muda mrefu, kwa sababu mabaka yake yalikuwa mazito, na kwa sababu ya ile desturi: ndoa ikishafungwa, bwana harusi huingizwa ndani, huweka mkono wake juu ya paji la mkewe na kusoma dua. Nilipaka tabaka jembamba, nikakausha, nikarudia, nikakausha, ili mkono wa mtu ukigusa usiondoke na kitu. Nilipomaliza hata mimi sikujua doa lilikuwa wapi. Kina mama waliingia mmojammoja kutazama na kila mmoja alitoka na kigelegele. Mpiga picha alikuwa mlangoni anangoja bwana harusi, waingie pamoja.

Nje, chini ya turubai, wanaume walikuwa wameketi kwenye mikeka. Baba yake Saida alikuja mlangoni na mashahidi, akamwuliza kama ameridhika kuolewa na Rajabu. Akasema ameridhika. Wakarudi nje. Tukabaki watatu, yeye, shangazi yake na mimi, na sauti ya sheikh kwenye kipaza sauti akianza hotuba ya ndoa.

"Mama Stela," akasema Saida. "Nitoe."

Nilidhani anataka kutolewa hereni.

"Mekapu. Nitoe yote. Sasa hivi."

"Umerogwa wewe!" Bi Mwajuma akaruka. "Picha bado! Watu wametoka mpaka Morogoro kuja kukuona!"

"Mimi nimeulizwa nimeridhika na nani, shangazi, na ninamjua. Na yeye anaulizwa huko nje. Atakuwa amemkubali nani?" Mikono yake yote miwili ilikuwa imeshika kiti. "Akinikataa na anikatae leo, niko kwa baba yangu. Sitaki nikataliwe asubuhi nyumbani kwake, halafu aniage vizuri."

Mikono yangu iligoma kwanza. Nitasema kweli, roho iliniuma. Kazi bora kuliko zote nilizowahi kufanya, na walioiona ni kina mama wachache wa Kilangali. Lakini nilifungua chupa ya mafuta. Bi Mwajuma alinitazama mimi, akamtazama mtoto wa kaka yake, akashusha pazia, kisha akaenda kuegemea mlango kwa mgongo wake wote.

Kutoa kwa haraka ni kuumiza mtu, na muda sikuwa nao. Nilianza na paji la uso, pale mkono utakapokaa. Nikaja macho, nikabonyeza, nikangoja, na huko nje sheikh naye, Mungu ambariki, alikuwa anapenda hotuba ndefu. Kope zikaachia. Nikateremka shavu la kulia, pua, shavu la kushoto. Saida alifumba macho, machozi yanapita katikati ya mafuta, nami nayapangusa na kuendelea. Nilikuwa nimebakiza taya la kushoto tu vigelegele vilipolipuka nje. Ndoa imefungwa. Mlango ukagongwa, ukagongwa tena, na Bi Mwajuma hakuwa na namna, akafungua.

Rajabu aliingia na mpambe wake, kanzu nyeupe na koti, kina mama nyuma yake wakisukumana, mpiga picha ameshikilia kamera juu ya vichwa. Walipomwona Saida vigelegele vilikatika. Rajabu alipiga magoti mbele yake, akaweka mkono juu ya paji la uso lenye mafuta, akasoma dua mpaka mwisho. Alipomaliza hakuutoa mkono.

"Saida."

"Abee."

"Fungua macho."

Akafungua. "Ndivyo nilivyo," akasema. "Hivihivi."

Rajabu alimtazama, na mimi nilikuwa nimesimama karibu kiasi cha kusikia pumzi za wote wawili. Moyo ulikuwa unanidunda kama ni mimi ninayeolewa.

"Mimi napaka rangi magari," akasema taratibu. "Ulidhani sijui paliporudiwa rangi?"

Mtu mmoja nyuma aliangua kicheko, akaziba mdomo. Saida akainua uso.

"Ulijua tangu lini?"

"Zamani. Ulikuwa unamwandikisha yule mgeni wa lori, jua linaingia dirishani, ubavuni mwako. Ukitaka kuona palipogongwa, unaangalia kwa ubavu."

"Mbona hukusema?"

"Ningeanzaje? Nikasema ataniambia siku akitaka." Akainamisha kichwa, akautazama uso wote tena, hana haraka. "Na hapa pamebaki."

Aligusa lile taya la kushoto. Kisha akanyoosha mkono, akachukua pamba mkononi mwangu, akaanza kusugua kwa nguvu zake zote za gereji.

"Taratibu wewe!" nikampigia kelele, nikasahau kwamba ni bwana harusi. "Huo si mlango wa basi, na hiyo si msasa!"

Chumba kizima kikapasuka kwa kicheko, Saida akicheka kuliko wote, huku analia. Rajabu aliniangalia, jasho linamtoka chini ya kofia. "Basi nionyeshe, mama. Nitakuwa namtoa mwenyewe."

Nikamwekea mafuta kwenye pamba mpya. Nikamshika kifundo cha mkono, mkono mgumu wenye rangi ya bluu kwenye kucha, nikamwambia abonyeze. Ngoja. Usiwe na haraka. Sasa vuta, kushuka chini. Akafanya.

"Hivi?"

"Hivyohivyo," akajibu Saida kabla yangu. "Na chini ya taya usisahau."

Mpiga picha akauliza kwa sauti ya kuomba radhi kama apige au angoje bibi harusi apakwe tena. "Piga!" akasema Bi Mwajuma. Machozi yalikuwa yamenijaa, na sikuona sababu ya kuyaficha. Nikawaachia chupa ya mafuta na pamba yote iliyobaki, nikawasukuma kina mama pembeni, nikatoka nje kutafuta pilau.